Nilivyoshusha gari langu kwa springi fupi, na nilivyopima malipo ya fundi

Springi nne zilikaa ndani ya boksi lake miezi miwili kabla sijazifunga. Hela ya springi nilikuwa nimeshaitoa. Kilichonikwamisha ni hela ya ufundi. Mafundi watatu walinipa bei tatu: wa pili alitaja mara mbili ya wa kwanza, na wa tatu zaidi ya mara nne. Gari lilelile, springi zilezile. Nilishindwa kuamua kama wa tatu ananikamua au wa kwanza ndiye wa kuogopa.

Gari lenyewe ni dogo, la milango mitano, linavutwa na matairi ya mbele, na uzito wake ni kilo 1,200 hivi. Nilitaka lishuke milimita 30, si zaidi. Lilikuwa linalala sana kwenye kona, na ile nafasi kati ya tairi na madigadi ilikuwa inanikera kila nikilitazama kwa ubavu.

Fundi wa kwanza alipoona boksi alishangaa. "Kaka, hizi ulinunua za nini? Tungekata mzunguko mmoja na nusu kwenye zako za zamani, ungetoka hapa umeshuka." Nilimshukuru, nikaondoka. Springi fupi inayotoka kiwandani haijapunguzwa urefu tu, imefanywa ngumu kidogo, kwa sababu gari likishuka, shokapu inabaki na nafasi ndogo ya kusafiri. Springi laini kwenye nafasi hiyo ingeacha shokapu igonge mwisho wake kila shimo. Halafu mwisho wa springi umekunjwa ukae sawasawa kwenye kikalio chake. Ukiukata kwa grainda hauna tena pa kukaa, na siku gari likinyanyuliwa matairi yakaning'inia, springi inaweza kulegea na kutoka mahali pake. Bei yake ilikuwa ndogo kweli, ila alichokuwa anakiuza hakikuwa kazi niliyoitaka.

Hapo ndipo nilipoacha kuuliza "shilingi ngapi" nikaanza kuuliza "saa ngapi, na ndani ya hizo saa kuna nini?" Fundi wa pili alijibu bila kusita: saa nne kwa magurudumu yote manne, alaimenti (kupima na kunyoosha mwelekeo wa matairi) unalipia pale unapoifanya, na nati ikikataa kwa kutu anakupigia simu kabla ya kuongeza chochote. Wa tatu alikuwa na gereji safi, lifti mbili, na karatasi ya makadirio iliyopigwa chapa. Saa tano za springi, saa mbili na nusu za kubadilisha maunti za juu za shokapu, yaani vile vishikizo vinavyoifunga kwenye bodi, pamoja na beringi zake, saa moja ya alaimenti. Saa nane na nusu, na kila saa yake ilikuwa ghali kuliko ya mwenzake.

Bei ya saa sikuibishia. Mwenye lifti, vifaa vizuri na dhamana ya kazi ana gharama ambazo mtu wa jeki na mkeka hana, na anayetumia springi zilizoletwa na mteja hapati faida ya kuuza spea, kwa hiyo akiiongeza kidogo kwenye ufundi namwelewa. Kilichonisumbua ni zile saa mbili na nusu za maunti. Nilihisi kuna kitu hakikai sawa, ila sikuwa na ujuzi wa kukitaja. Nikaamua kuanza na springi za nyuma mwenyewe, nione kazi inavyokwenda.

Nyuma ya gari langu springi imesimama peke yake, shokapu iko pembeni, na magurudumu yote mawili yameungwa na ekseli moja. Mpangilio wa namna hiyo ndio rahisi kuliko yote. Nililaza vipande vya mbao mbele na nyuma ya matairi ya mbele, nikanyanyua nyuma, nikaliweka gari juu ya stendi mbili imara. Jeki ni ya kunyanyulia tu. Chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake siingizi hata mkono. Jeki ya pili niliiweka chini ya ekseli ili niishushe taratibu. Mdogo wangu alishika tochi.

Bolti ya chini ya shokapu ya kushoto ilinikalia karibu saa nzima. Nilikuwa nimeipulizia mafuta ya kupenya kutu usiku uliopita, na bado haikutikisika mpaka nilipoongeza bomba kwenye mpini wa spana. Ilipoachia ilitoa mlio mkali kama kitu kimevunjika, nikasimama nikaikagua kwa tochi. Ilikuwa nzima, ni kutu tu imekatika. Kuanzia hapo mambo yalikwenda: nikafungua bolti ya upande wa pili, nikaishusha ekseli huku mdogo wangu akiangalia mpira wa breki na waya wa ABS visivutike, nikaitoa springi kwa mkono. Raba za juu na chini nilizifuta, nikazihamishia kwenye springi mpya, nikaizungusha mpaka mkia wake ukagusa kizuizi chake kwenye kikalio. Huo mkia ndio wa kuangalia kuliko vyote. Ukikaa nusu kidole nje ya mahali pake, gari litakaa pembe na utasikia mlio kila ukipita tuta.

Upande wa kwanza ulinichukua saa moja na dakika 50. Wa pili dakika 40. Hesabu hiyo ilinifungua macho. Kama mimi, bila lifti, mara ya pili tu nimefika dakika 40, basi mtu anayefanya kazi hii kila wiki anamaliza nyuma yote ndani ya saa moja, na akikutana na kutu kama ile labda saa moja na nusu. Sasa nilikuwa na kipimo changu.

Mbele nilifungua boneti, nikaangalia, nikaifunga. Kule springi imevishwa kwenye shokapu yenyewe, imebanwa chini ya maunti, na hata gari likiwa hewani bado imekandamizwa. Ni ule mfumo unaoitwa kwa jina la mhandisi Mmarekani, Earle MacPherson, na upo mbele ya magari madogo mengi. Kwenye gari kama langu kila springi ya mbele inabeba zaidi ya kilo 300. Ili uitoe lazima uibane kwa kibana springi, uikandamize zaidi ya ilivyokandamizwa, ndipo ufungue nati ya juu. Kibana kikiteleza, springi inaruka kwa nguvu ya kuvunja mkono au kuua. Jirani aliniazima kibana chake. Nilizitazama nyuzi za skrubu zake, zilikuwa zimelika, na kulabu moja imepinda. Nikamrudishia siku ileile, nikampigia fundi wa pili.

Nilimwambia nyuma nimeshamaliza. Yeye mwenyewe akasema, "Basi zibaki saa tatu. Nyuma nilikuhesabia moja." Sikuwa nimeomba punguzo, na saa yake moja ililingana na hesabu yangu. Nikamuuliza kuhusu maunti na beringi, kwamba usukani ukigeuzwa gari limesimama nasikia mkwaruzo upande wa kulia. Atanitoza saa ngapi?

"Hiyo haina saa, kaka. Springi haitoki bila maunti kutoka. Nikishafungua, narudisha mpya badala ya ya zamani. Wewe lete spea tu."

Sentensi hiyo ndiyo niliyoikosa kule kwenye gereji ya lifti mbili. Maunti hukaa juu ya springi, na njia ya kuifikia ni ileile. Shokapu nayo ni hivyohivyo. Ukizibadilisha siku moja na springi, kazi ya kufungua na kufunga ni moja na inalipwa mara moja. Ukipewa makadirio yenye mistari miwili au mitatu inayogusa kona moja ya gari, uliza ni bolti zipi zinafunguliwa kwa mstari wa pili ambazo hazijafunguliwa na wa kwanza. Kama hakuna, mstari huo hauna haki ya kuwepo. Sidhani kama yule fundi wa tatu alikusudia kunila. Inawezekana kila kazi ina saa zake kwenye kitabu cha muda wa kazi na aliyeandika alizijumlisha tu. Lakini mwenye kulipa ni mimi.

Siku ya kazi niliomba kukaa, akakubali ili mradi nisimame mbali na benchi. Kabla ya kufungua chochote alichora mstari kwa kalamu nyeupe pale shokapu inapoungana na mkono unaoshika gurudumu, ili irudi karibu na ilipokuwa. Akafungua kishikizo cha mpira wa breki, kisha akaigeukia linki ya stabilaiza, kile kijiti cha ile fimbo inayopunguza gari kulala kwenye kona. Nati ya kulia ilizunguka pamoja na bolti yake, haitoki. Alihangaika nayo kwa ufunguo wa pembe sita kama dakika kumi, akaja. "Hii nikate. Linki itaharibika, utahitaji mpya, na nitakuongezea nusu saa. Sawa?" Nikaenda kununua linki mbili, maana ya kushoto nayo ilikuwa imechoka.

Kwenye benchi alitumia kibana chenye kulabu mbili zinazotazamana, akazikaza kwa zamu, mizunguko michache huku, michache kule, kwa mkono. Mashine ya upepo ilikuwa ukutani na hakuigusa. Uso wake haukukaa hata mara moja kwenye mstari wa springi. Aliitikisa springi kwa vidole mpaka ilipocheza kwenye kikalio chake, ndipo akafungua nati ya juu. Beringi ya kulia tulipoizungusha ilikuwa inasaga kama ina mchanga ndani. Kile kiraba cha kugongea, kinachozuia shokapu isigonge mwisho wake, alikipunguza kwa kipimo kilichoandikwa kwenye karatasi ya springi, maana kikibaki kirefu gari linakuwa limekalia raba badala ya springi. Nati za kujikaza zote zilikuwa mpya, na mwisho wa kila moja alitumia toki renchi, ile spana inayolia mkazo ukifika.

Kabla ya kunikabidhi alinyanyua gari akakagua na kazi yangu ya nyuma. Bolti za chini za shokapu nilizikaza ekseli ikiwa inaning'inia. Alizilegeza, akashusha gari likasimama kwa uzito wake, akalibonyeza mara kadhaa, akazikaza upya. Bushi, ile raba inayopitisha bolti, ikikazwa gari likiwa hewani, raba yake inabaki imesokotwa muda wote gari likiwa chini, na itachanika mapema. Ni jambo ambalo haliongezi hata dakika tano, na ni la kumuuliza fundi yeyote kabla hujampa kazi: bolti zenye bushi unazikaza gari likiwa wapi? Kwa jibu lake utajua kama unalipia ujuzi au unalipia nguvu za mikono.

Ilichukua saa tatu na dakika 50. Alinitoza saa tatu na nusu, kama tulivyokubaliana.

Alaimenti niliisubirisha. Springi mpya hukaa sawa baada ya kutembea kidogo, na ukipima siku ileile unaweza kulazimika kulipa tena. Nilikuwa nimepima kutoka katikati ya rimu hadi ukingo wa madigadi, kwa sababu kipimo hicho hakibadilishwi na upepo wa tairi. Siku ya kazi mbele palikuwa pameshuka milimita 27. Baada ya kilomita 300 ikawa 31, nyuma 29. Ndipo nikaenda. Matairi ya mbele yalikuwa yameanza kulalia ndani kwa juu, kiasi ambacho karatasi ya springi ilikitarajia, ila pia yalikuwa yametazama nje, na hilo ndilo linalokula tairi haraka. Mpimaji aliyarudisha, akaunyoosha usukani. Taa za mbele nilizirekebisha mwenyewe jioni, gari likitazama ukuta, kwa sababu mbele palishuka kuliko nyuma na mwanga ulikuwa unapiga karibu mno.

Ninapoandika gari limeshatembea kilomita 2,400. Matairi yanalika sawasawa, mkwaruzo wa usukani haupo, na kwenye kona naingia bila gari kulala. Shokapu za nyuma zimeanza kuchoka, hilo nililiona siku ile. Zimeshikwa na bolti mbili kila moja, na zile za chini nimeshazifungua. Hizo nitazibadilisha mwenyewe.