Paa la kufunguka kwenye Hiace, bila kuvuja

Wageni ninaowatoa Malindi kwenda mbuga ya wanyama ya Tsavo Mashariki, kupitia lango la Sala, hutaka kusimama wapige picha. Nikaamua paa lifunguke. Kukata bati ni rahisi. Kazi iko kwenye maji na kutu. Paa likikatwa hulegea, kwa hiyo fundi alichomelea kwanza fremu ya chuma ndani, ikashikana na mbavu za gari, ndipo grenda, mashine ya kukatia chuma, ikapita kukata tundu. Ukingo wa tundu ukainuliwa kama mdomo wa kisima, ukavishwa raba, mfuniko ukashuka kwa nje yake. Chumvi ya pwani haina huruma: bati lililokatwa lilipakwa praima, rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, siku hiyohiyo. Tukamwaga ndoo za maji juu, viti havikulowa. Raba ikianza kupasuka, ibadilishe kabla ya masika.