Mjomba na jiwe la juu ya friji

Ng'ombe wa mahari ya Doto wamefika wote, mkataba wangu kazini umeongezwa hadi Desemba, na bado kinachonizunguka kichwani ni neno la Mjomba.

Mnajua mbalamwezi ikiwa kali dagaa hawavuliki. Basi anavuka kutoka Ukerewe, anapitia soko la Mwaloni kudai pesa zake, halafu anakuja kwangu kunywa chai na kukagua maisha yangu. Safari hii mkono ulikwenda kwenye lile jiwe la chokaa nililotumiwa na yule mwenzangu wa chuo aliyeko Ujerumani.

"Lina dhahabu?"

"Hapana, Mjomba. Lina dhoruba."

Akaligeuzageuza. Nikamwonyesha kwa ukucha: huu mstari wa chini, uliokwenda upogoupogo, ndipo mawimbi yalipochimba sakafu ya bahari. Juu yake makombe yaliyovunjika, yamerundikana, makubwa chini, yakipungua hadi kuwa mchanga laini, maana bahari ilipoanza kutulia vizito vilitangulia kuzama. Juu kabisa tope la kijivu lenye vijia vya minyoo. Unene wa vidole vitatu, na ukitoa hilo tope, kazi ya saa chache au siku, miaka milioni 240 hivi iliyopita. Matabaka haya ya Muschelkalk, yaani chokaa ya makombe ya huko Ujerumani, ndiyo mwanajiolojia Thomas Aigner aliyachambua kwenye kitabu chake cha 1985, lakini hayo sikumsumbua nayo. Nilimwambia tu kwamba wimbi hutikisa maji hadi kina cha karibu nusu ya umbali wa kutoka mgongo mmoja hadi mwingine, kwa hiyo tope la kina kirefu hulala salama mpaka yaje mawimbi marefu ya dhoruba.

"Hilo nalijua. Siku shwari ziko wapi?"

Nikamwonyesha lile tope, jembamba. Nikasema huenda ni miaka mingi hiyo, na mara nyingi dhoruba inayofuata hulikwangua lote, makombe yakakaa juu ya makombe.

"Basi jiwe lako mmbea. Linahadithia ugomvi tu." Akaomba sukari.

Iliniuma, nisiwafiche. Ada yangu ilitoka kwenye dagaa wake. Usiku nikawa natunga majibu, yote makali, hakuna hata moja unaloweza kumwambia mjomba wako.

Alhamisi, nikiwa napanga sampuli za itale (mawe yetu haya yalipoa chini ya ardhi, wimbi hayalijui), nikajikuta nacheka peke yangu. Mzee kagusa penyewe! Tabaka nene si lazima liwe la muda mrefu. Mwanajiolojia akisahau hilo anapotea. Tena jibu lake ninalo. Kule kwenye maji mafupi, mawimbi ya kila siku hukoroga upya kilichoachwa na dhoruba mpaka alama zake zipotee. Na panapotulia muda mrefu, wadudu wa chini hufukua na kuchanganya, tabaka lisisomeke tena. Kwa hiyo siku shwari nazo hufuta. Nimempigia mara kadhaa nimwambie, hapatikani. Giza limerudi, yuko ziwani.

Kulwa naye kaniomba tena nimdhamini mkopo wa bodaboda. Mwenyekiti wa kikundi anataka jibu Jumatatu, na mke wa Kulwa hajui chochote.