Zawadi za Krismasi nilizozikusanya njiani, kuanzia Kyela hadi Tabora

Krismasi ya mwaka 2023 nilimpa shemeji yangu, mke wa kaka yangu mkubwa, doti ya kanga ambayo sikuwa nimesoma jina lake. Niliinunua Kariakoo tarehe 22 Desemba jioni pamoja na nyingine nne, nikitazama rangi tu. Kesho yake nikapanda basi, na mkesha wa Krismasi nikagawa zawadi nyumbani Marangu. Shemeji akaikunjua pale sebuleni mbele ya mama na mashangazi, akasoma kwa sauti: "Hasidi hana sababu." Watu wote kimya. Akaniuliza taratibu, "Shemeji, hili umenichagulia mimi?" Nikamwambia ukweli kwamba sikuangalia. Akasema haya, akaikunja, akaiweka pembeni. Sijawahi kumwona ameivaa.

Usiku ule sikulala vizuri. Kanga ilikuwa na pindo na mji mzuri, lakini jina ndilo linalosema, na mimi niliyekaa Dar miaka 14 nalijua hilo. Kilichoniuma zaidi ni kwamba kila nilichobeba kilikuwa vilevile: mashuka, chupa za chai, biskuti za kopo. Vyote vinauzwa Moshi mjini, tena pengine kwa bei nafuu. Na kazi yangu ni ya kusafiri! Nafunga na kutengeneza mashine za kukoboa mpunga, kukamua alizeti na kusaga nafaka. Mwaka mzima napita kule vitu vizuri vinakotoka, kisha narudi mikono mitupu na kwenda kusukumana Kariakoo siku tatu kabla ya sikukuu.

Januari 2024 nikachukua daftari ninaloandikia vipuri, nikaandika majina ya watu 11. Mbele ya kila jina sikuandika kitu cha kununua, niliandika neno nililowahi kumsikia mtu huyo akilisema. Kwa mama niliandika: "Mchele wa siku hizi hauna harufu." Kwa baba, aliyepita JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) Dodoma miaka ya 1970: "Ile njia ya reli tuliipita usiku, natamani niione mchana." Kuna majina ambayo mbele yake palibaki wazi kwa miezi, na hapo nikajua kuwa hao sijawapigia simu siku nyingi. Nikaanza kuwapigia.

Juni nikaitwa Kyela, mkoani Mbeya, roli zinazomenya mpunga kwenye mashine ya kukoboa zimekwisha. Msimu wa mavuno, uwanja wa mashine umejaa mpunga ulioanikwa kwenye maturubai. Nilipomaliza kazi nikamwambia mama mwenye mashine kwamba nataka mchele kilo 20 wa kumpelekea mama yangu Krismasi. Akanitazama. "Fundi, Krismasi iko mbali. Mchele ukikaa miezi sita utaingia fukusi na harufu itapungua. Chukua mpunga, mwenyewe una mashine." Nilikuwa nakoboa mpunga wa watu miaka yote na sikuwa nimeliwazia hilo. Akachota kiganja kimoja, akaupikicha kwa viganja viwili mpaka maganda yakatoka, akapuliza, akanisogezea puani. Ile harufu ndiyo mama yangu aliyokuwa akiililia. Nikanunua nusu gunia, kwa hesabu kwamba mpunga kilo 100 hutoa mchele kama kilo 65. Ukakaa Dar kwenye chumba kikavu, umepandishwa juu ya mbao usiguse sakafu, na tarehe 18 Desemba nikaukoboa mwenyewe, roli nimezilegeza kidogo ili chenga zisiwe nyingi.

Kwa mchele wa Kyela kuna jambo moja la kuwa nalo macho. Mjini jina hilo limeandikwa kwenye kila kiroba, hata cha mchele ambao haujawahi kuiona Mbeya. Kama huwezi kufika kule, omba punje kidogo, zitie kwenye maji ya moto, funika kidogo. Harufu haifichiki.

Wakati wa kurudi nilishuka Iringa nikanunua vikapu vinne vya milulu vinavyosukwa na akina mama wa kule. Nilivichagua kwa kuviweka juu ya meza: kikapu kizuri kinatulia chini bila kucheza, na ukikibana ubavuni kinarudi. Hivyo ndivyo vilivyokuwa vifungashio vyangu. Makaratasi ya kung'aa hutupwa asubuhi ya Krismasi, ila kikapu cha mama hadi leo kinakaa na mayai.

Asali ilinisumbua. Julai, nikitoka Tabora, nilinunua chupa mbili kando ya barabara, zilizokuwa chupa za maji ya kunywa. Septemba nikasikia kishindo jikoni usiku, kizibo kimeruka, povu limetiririka hadi sakafuni, na harufu ni ya pombe. Nilihuzunika, maana ilikuwa ya shangazi yangu mwenye kikohozi. Safari iliyofuata, nilipokuwa Sikonge, huko huko Tabora, nikamuuliza mzee mmoja mfugaji wa nyuki. Akanieleza kwamba asali ile ilivunwa kabla nyuki hawajaziba masega kwa nta. Sega lisilozibwa lina maji mengi, na asali yenye maji huchacha. Akanionyesha sega lililozibwa, jeupe juu kama limepakwa mafuta mazito, na akanikamulia mbele yangu. Nilitia kwenye mitungi ya kioo iliyokauka kabisa. Nikaandika na kikaratasi: "Ikiganda usiogope, si kwamba imetiwa sukari. Iweke kwenye maji ya uvuguvugu." Bila kikaratasi hicho shangazi angeimwaga, kwa sababu kweli iliganda.

Kwa shemeji nilirudi kwenye kanga. Nilifikiria kumpa kitu kingine kabisa, nikaona nitakuwa nakwepa. Nilikaa dukani karibu saa nzima, muuzaji akinishushia doti moja baada ya nyingine na mimi nikisoma majina, mpaka nikaipata inayosema "Wema hauozi". Mama alipovunjika mguu, shemeji ndiye aliyemwogesha na kumpikia miezi mitatu. Nikapeleka doti kwa fundi cherehani ikakatwa na kupindwa, nikaitia kikapuni na pakiti ya karafuu na iliki za Zanzibar, kwa kuwa chai yake ni ya viungo. Alipoisoma hakusema kitu. Aliingia chumbani, akatoka ameivaa, akaendelea na kupika.

Kahawa sikubeba, nani apeleke kahawa Marangu? Hiyo nilirudi nayo. Kahawa ya shambani kwetu, ikiwa imekaangwa na haijasagwa, ndiyo zawadi yangu ya Mwaka Mpya kwa majirani wa Dar, pamoja na mkungu wa mshare, ndizi za kupikia mtori. Mwenye kinu anasaga asubuhi anapotaka kunywa. Ikisagwa mapema utamu unapotea njiani.

Zawadi ya baba ilikuwa bahasha tu. Ndani niliandika kwa mkono: "Dar hadi Dodoma, mchana, kiti cha dirishani, ukija kumwona mjukuu." Treni ya SGR, ile reli mpya ya umeme, ilikuwa imeanza kufika Dodoma Julai 2024. Sikukata tiketi mapema kwa sababu sikujua tarehe yake ya kuja, nilitenga fedha. Hilo nalisisitiza kwa anayetaka kumpa mtu safari: fedha ikae kando kabisa siku ile ile unayoahidi, la sivyo ada za shule zitaimeza na ahadi itageuka maneno.

Baba alikuja Machi. Tulipovuka Morogoro akaacha kuongea, kofia mapajani. Baada ya Kilosa, treni ilipoanza kuingia na kutoka kwenye mahandaki, akaanza kutaja stesheni za ile reli ya zamani kwa mpangilio, kama anayeita majina ya wanafunzi: Kidete, Godegode, Gulwe, Igandu. Miaka hamsini, na alikuwa nazo zote. "Kumbe kuna milima," akasema, uso umeegemea kioo. "Sisi tuliona giza tu."

Dodoma ulikuwa msimu wa zabibu. Alinikataza nisilipe, akanunua boksi moja kwa fedha yake, na katika safari ya kurudi hakukubali kuliweka juu kwenye mizigo. Alilipakata hadi Dar. "Haya ni ya mama yako," akasema.