Siku moja na mimi Unguja: anayepanga ratiba ni maji

Saa 11 alfajiri. Nimeshasali, chai iko mkononi, na kitu cha kwanza kukiwaza sio meseji, ni maji. Mwezi umeandama juzi tu kwa hiyo ni bamvua, yaani maji yanatoka mbali na kujaa sana, maji yanatoka sasa hivi mpaka kama saa 4 na nusu asubuhi, halafu yanarudi kujaa saa 10 na ushee jioni. Mie naongoza wageni hapa Mji Mkongwe na nikishajua hayo basi siku nzima ninayo kichwani. Wageni wengi wanakuja na orodha kwenye simu, kisiwa cha Changuu, fungu la mchanga la Nakupenda, msitu wa Jozani, mashamba ya viungo, Nungwi, bustani ya Forodhani, na wanataka yote siku moja, sasa Nungwi iko ncha ya kaskazini na Jozani iko kusini huku, utaona nini zaidi ya barabara? Nawaambia ukweli hata kama nitakosa hela ya safari moja.

Saa 1 na nusu. Wageni wangu leo ni familia kutoka Dodoma, baba, mama, watoto wawili na bibi yao ambaye hajawahi kuona bahari maisha yake yote. Walitaka tuanze na mji halafu kisiwani mchana, nikawaambia hapana jamani, tukienda mchana Nakupenda hatutaikuta.

Saa 2. "Shikamoo mzee." "Marahaba mwanangu, pandeni, maji hayo yanatuacha." Huyo nahodha wangu. Bibi kasimama ufukweni kashika kanga yake hataki kuingia, nahodha akashuka mwenyewe mpaka magotini akampa mkono, "Bi mkubwa, kaa hapa katikati, hapa hayarushi." Akakaa. Laifu jaketi kila mtu, hapo sina mjadala na mtu.

Saa 2 na nusu Changuu. Watu wanapaita kisiwa cha gereza na gereza lipo kweli, lilijengwa 1893, ila halikuwahi kufunga wafungwa, likaja kutumika kuwaweka karantini watu waliotoka safarini wakihofiwa homa ya manjano. Lakini watoto wanataka kobe bwana! Hawa mababu wanne wa kwanza waliletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919, na wengine utaona umri umeandikwa kwa rangi juu ya gamba, umepita miaka 100. Ukitaka kumfurahia kobe usimbughudhi kwa majani tu, kaa pembeni yake umpapase taratibu chini ya shingo, atainyoosha shingo mpaka ushangae na miguu atainyanyua, anasimama kabisa. Mgeni mmoja wa kundi jingine alimpandisha mwanawe juu ya gamba apige picha, nikamfuata nikamwambia kaka mshushe, huyo sio baiskeli, ni mzee kuliko babu yako. Akamshusha. Jambo hili linaniuma kila likitokea na sitaacha kusema.

Saa 4. Nakupenda. Kwa asiyejua, ni fungu la mchanga tu katikati ya bahari, mweupe pe, maji yakitoka linaibuka na yakijaa linazama lote. Hakuna mti, hakuna choo, kwa hiyo njoo na maji ya kunywa, mwavuli na mafuta ya jua. Watoto wakakimbia, na bibi akainama akachota maji kiganjani, akayaonja kwa ncha ya ulimi, akatema, "Kumbe ni chumvi kweli!" Halafu akaonja tena. Saa 5 na nusu nahodha akapiga mluzi, ule ukingo tuliotandika kanga ulikuwa umeshaanza kulowa.

Saa 7 chakula na sala, hapo sina cha kusimulia. Ila kabla ya kuingia mitaani nawaomba wageni wote wabadilishe nguo, mabega na magoti yafunikwe, huku watu wanaishi, sio ufukweni.

Saa 8 na nusu Mkunazini, kwenye kanisa la Anglikana. Hapa ndipo palikuwa na soko la watumwa, lilifungwa 1873 na kanisa likajengwa juu yake. Nje kuna shimo lenye sanamu za watu watano, wamefungwa minyororo shingoni, na minyororo yenyewe ni ya enzi zile. Huwa nanyamaza hapa. Muongozaji anayepiga stori mfululizo mahali hapa anakosea sana, mwache mtu atazame. Bibi alitazama muda mrefu halafu akaniuliza, "Mwanangu, hawa walitoka kwetu?" Nikamjibu wengi walitoka bara, kule Ziwa Nyasa na mbali zaidi, walitembezwa kwa miguu mpaka pwani, na njia moja ya misafara ilipita Ugogo, huko kwenu Dodoma, kwenda Bagamoyo. Hakusema kitu, alimshika mjukuu wake mkono na hakumwachia mpaka tunatoka getini.

Kwa hiyo tulipofika Beit al-Ajaib, Jumba la Maajabu, nilifupisha. Nawaonyesha kwa nje, jumba la 1883 la Sultan Barghash, sehemu yake iliporomoka Desemba 2020 na sie wa hapa tulilia.

Saa 11 jioni Forodhani. Maji yamejaa mpaka kwenye ukuta na ndiyo maana niliipanga mwisho, maana saa hizi vijana wa mji wanakuja mbio wanaruka baharini mmoja baada ya mwingine, wengine wanajipindua hewani, na hakuna kiingilio. Watoto wa Dodoma wanahesabu kwa sauti, bibi na gilasi yake ya juisi ya miwa anapiga makofi kila mmoja akitua. Moshi wa mishikaki umeshaanza.

Saa 2 usiku niko nyumbani nawaandikia wageni wa kesho. Wao pia wanataka Nakupenda, maji kesho yanachelewa nusu saa na ushee, nimewaambia tuonane ufukweni saa 2 na nusu na waje na mwavuli.