Boflo Nililowatangazia Marseille

Asubuhi ya kwanza ya kurudi kwetu Unguja niliamka kabla ya adhana. Msinisifu kwa ucha Mungu. Mwili ulikuwa bado uko Marseille, Ufaransa, kwenye zamu ya usiku. Nikajifunga msuli, nikachukua noti nilizobadilisha uwanja wa ndege, nikatoka kwenda kutafuta boflo, ule mkate wetu.

Mliokulia Ng'ambo sina haja ya kuwaeleza. Mtoto anatumwa kiza hakijatoka, anasimama mbele ya tanuri na wenzake, makumbi yanafuka moshi, mzee anauvuta mkate kwa kile kibao chake kirefu, unafungwa kwenye gazeti, na ukifika nyumbani ncha moja haipo na hakuna ajuaye imekwenda wapi. Ile ncha mimi nimeishi nayo miaka kumi na mmoja.

Tanuri halipo. Pahala pake pana fremu tatu: simu, miamala ya pesa na mabegi ya kike. Nikaambiwa boflo lipo dukani, linaletwa na gari. Nikanunua mawili. Moja nikalibonyeza kwa kidole, likabonyea na likabaki vivyo hivyo, kama godoro la gesti. Nikalimega hapo hapo barabarani. Sukari! Na jepesi, unatafuna hewa.

Mtasema mtu mzima analilia mkate. Subirini.

Marseille nilianza kwa kuosha vyombo mikahawani. Kila sufuria ina mvinyo, kila kikaango kimepita nguruwe, nikawa naosha huku naomba msamaha. Aliyeniokoa ni jirani Mngazija, mtu wa Komoro. Wangazija Marseille wamejaa, na lugha yao na yetu ni ndugu: akisema, nusu unaipata, nusu nyingine mnaijazia kwa Kifaransa kibovu cha wote wawili. Akanitafutia kazi kwenye tanuri la mkate. Saa nane za usiku unaingia, alfajiri mikate iko kabatini, mchana umelala. Huko ndiko nilikojifunza baguette, ule mkate wao mrefu mwembamba, na huko ndiko nilikojifunza kwamba Wafaransa wana wazimu na mkate. Wana amri ya serikali ya 1993 inayosema mkate wa kuitwa wa mila ya Kifaransa haugandishwi na hautiwi madawa; ni unga, maji, chumvi na hamira au chachu. Mwaka 2022 ufundi wa baguette ukaingizwa UNESCO. Siku ile bwana wetu wa kazi alitufungulia maboksi ya keki, akatuambia sisi sasa ni urithi wa dunia, tuoke haraka.

Nikamwambia na sisi tumo, Mji Mkongwe umeandikwa tangu 2000. Sikumwambia kuwa Beit al Ajaib, lile jumba kubwa la humo, upande mmoja ulianguka Disemba 2020. Mtu huwezi kusema kila kitu.

Lakini boflo nililisema. Kila usiku nilikuwa mhubiri wa boflo. Wenzangu wakijisifia ganda la baguette linavyolia likivunjwa, mimi nasema huu wenu mzuri, ila hamjala wetu: una harufu ya makumbi, ganda gumu, ndani umejaa, ukichovya kwenye chai haumeguki. Bwana wetu akawa ananiambia, ukienda kwenu nipigie picha. Miaka yote hiyo anasubiri picha.

Nilipofika nyumbani na yale mawili nikamuuliza mama, lile boflo letu limekwenda wapi? Mama alikuwa anapepeta mchele, hata hakunitazama. "Lile la mzee? Lilikuwa na mchanga lile. Baba yako, Mungu amrehemu, alivunjika gego kwa changarawe ya humo humo. Na wewe ulikuwa ukilia ukitumwa."

Nikasema lakini lilikuwa tamu.

"Mlikuwa sita na boflo moja. Leo umenunua mawili peke yako, utamu utautoa wapi?"

Nimelifikiria jibu hilo zaidi ya nilivyofikiria jambo lolote tangu nishuke ndege. Kama mama ni mkweli, basi mimi miaka kumi na mmoja nimewatangazia watu njaa yangu, nikaipa jina la mkate. Na kama si mkweli, kasahau, nalo si dogo. Dada yangu nilipomuuliza akacheka tu: "Kaka, Mfaransa amekushuka kichwani, kamshushe."

Hajashuka. Ndiyo kwanza kapanda. Kule kila Jumamosi nilikuwa Mzanzibari kuliko Wazanzibari: pilau, taarabu, udi mpaka jirani wa juu anagonga dari. Nimerudi, sasa Jumamosi nafungua redio ya Marseille kwenye simu nisikie foleni za barabara ambazo sina gari la kuzipitia. Nikasema basi, kama boflo hakuna, nitaoka baguette, jikoni kwa mama, na wanaocheka mwanamme kuingia jikoni wacheke.

Ya kwanza iliniaibisha. Nilikanda kama tulivyokuwa tukikanda kule, nikafunika, nikaenda kuswali Isha na kupiga soga barazani. Niliporudi donge lilikuwa limepanda, limemwagika mezani, linanuka kama togwa. Kwa joto la Februari hapa hamira haihitaji kubembelezwa. Sasa nafanya hivi, na anayetaka aige: unga gramu 500, wa mkate, si ule laini wa chapati ambao ukiuvuta unakatika, maji gramu 330 ya friji, yawe baridi kabisa, chumvi gramu 10, hamira kidogo sana, ncha ya kijiko cha chai. Hukandi sana, unavuta na kukunja, unapumzisha nusu saa, unarudia mara tatu, kisha friji mpaka kesho. Umeme ukikatika usiku usifungue mlango wa friji, omba dua. Asubuhi unagawa, unaviringisha virefu, unachana kwa wembe mpya, oveni iwe imewaka hasa, na chini unatia trei ya maji yanayochemka. Mvuke ndio unaofanya ganda ling'are. Asiyeweka mvuke anaoka fimbo.

Mara ya nne ikatoka. Ikalia nilipoivunja. Nilikaa chini jikoni, sitasema zaidi.

Mengine hayakunipa tabu kama hiyo, na mengine yalinivunja nguvu kwa urahisi wake. Niliwatangazia watoto wa dada kwamba leo mjomba anapika kitu cha Kifaransa kinaitwa crêpe, wakakaa wamejipanga. Wakala. Mkubwa wao akasema kwa adabu kabisa, "Mjomba, hizi chapati za maji." Ndizo. Tofauti ni maziwa na mayai mengi, na kwamba wao wana siku yake, tarehe 2 Februari, sisi tunapika tu tukiwa hatuna nguvu ya kusukuma. Jibini nililobeba kwenye begi liliyeyuka njiani likafukuza watu chumbani, hilo tuliache.

Panisse je? Hii ni chakula cha Marseille hasa, kule L'Estaque wanaiuza pembeni mwa bahari kama sisi tunavyouza mihogo. Ni unga wa dengu. Lita moja ya maji, gramu 250 za unga, chumvi, kijiko cha mafuta, unakoroga motoni usiache mpaka uwe mzito, unamimina kwenye sahani upoe, unakata, unakaanga. Yaani unasonga ugali wa dengu halafu unaukaanga. Unga wenyewe ni ule ule wa bajia. Mama aliipenda, akaiita bajia ya mvivu, akaila kwa chatne ya embe. Sikubishana. Kwa kweli kwa chatne ni nzuri kuliko ya L'Estaque, na hili nitalikana likinifikia kule.

Bouillabaisse nilikuwa na hamu nayo zaidi, kwa sababu nilijua soko letu litanibeba. Asili yake ni supu ya wavuvi, samaki wa miambani wenye miba na sura mbaya waliokosa mnunuzi. Siku hizi imekuwa ya matajiri, na tangu 1980 wenye mikahawa wa Marseille wana mkataba wao: samaki wasipungue aina nne, ndiyo ustahili jina. Nikenda sokoni asubuhi, nikapata changu, chewa, tasi na pono. Zafarani ipo Darajani, shamari ipo, nyanya na thomu ndiyo nyumbani kwake, ganda la chungwa nilianika mwenyewe. Supu unaipakua mbali, samaki mbali, mkate mkavu uliopakwa thomu unaelea juu. Ami yangu alialikwa. Akainusa, akaionja, akaweka kijiko chini taratibu. "Mwanangu, mchuzi mzuri. Ila nazi umesahau?"

Nikamwambia haina nazi. Akasema, "Pole."

Usiku ule ule nikawawekea filamu, maana nilitaka waione ile bandari. Marius, ya 1931, haina rangi. Haina maandishi ya Kiswahili pia, ikabidi nisimame pembeni ya runinga nitafsiri kama Lufufu, yule mtafsiri wa filamu, tena Lufufu wa bei rahisi. Watoto wakauliza ngumi zinaanza saa ngapi. Hakuna ngumi. Kijana anaishi juu ya mkahawa wa baba yake bandarini, anampenda msichana anayeuza kome na chaza mlangoni, lakini bahari inamwita. Msichana, Fanny, anaona, anamwachia aende. Filamu ya pili, ya 1932, Fanny ana mimba, anaolewa na mzee mshona matanga, na huyo mzee jina lake Panisse, hapo watoto ndio waliamka, wakacheka mpaka wakaanguka: kaolewa na bajia! Marius anarudi, anakuta nafasi yake ina mwenyewe na mtoto ana baba.

Mama hakucheka. Akasema, "Kama yule wa..." kisha akanyamaza, akamwambia dada apeleke vyombo. Mtaa mdogo huu, mnajua anayesemwa. Ana watoto wawili, mashaallah.

Nikaja kugundua kitu ambacho miaka yote kule sikukiona. Le Comte de Monte-Cristo, lile buku la Dumas lililotoka gazetini vipande vipande kuanzia 1844, nalo linaanzia Marseille. Baharia kijana, Dantès, anakamatwa siku ya karamu ya uchumba wake, anatiwa kwenye ngome ya If, kisiwa unachokiona ukiwa ufukweni kama sisi tunavyoiona Changuu ukiwa Forodhani. Miaka 14. (Changuu nako kulijengwa gereza, halikutumika kama gereza, tuna kobe.) Anatoka, baba kafa kwa njaa, mchumba kaolewa. Mji ule hauna hadithi nyingine! Kijana huondoka, akirudi mchumba kaolewa. Na mimi nilikisoma kwenye basi nikienda kazini, nikaona ni habari za kisasi na hazina, nikafurahi.

Vitabu nilibeba katoni mbili. Mnaorudi, msibebe makaratasi mengi, mtakuja kuanika vitabu juani kama dagaa. Unyevu wa hapa unakula gundi kwanza, kisha kurasa. Na wala Kifaransa chenyewe si lazima ukisome kwa Kifaransa. Boi ya Oyono wa Kameruni iko kwa Kiswahili, na Barua Ndefu Kama Hii ya Mariama Bâ wa Senegali iko, zote asili yake ni Kifaransa. Hiyo ya pili nilimpa dada. Ni barua ya mjane ambaye mumewe alimwolea mke mwenza. Dada aliimaliza kwa siku mbili, akaja kuniuliza huyu mwandishi aliwahi kukaa mtaa wetu? Tangu siku hiyo haniiti Mfaransa. Shemeji yangu naye ananitazama vibaya, na kitabu sijakiona tena.

Sasa la mwisho, nalo ndilo lililonifanya niandike. Juzi bwana wetu wa Marseille kaniletea ujumbe. Salamu, joto vipi, halafu: boflo liko wapi, picha yangu?

Nilikaa na simu muda mrefu. Lile la dukani nisingeweza. Angeligeuza skrini juu chini akicheka. Kumwambia halipo nisingeweza. Kumwambia mama anasema lile nililolisifu halikuwahi kuwapo, hilo ndilo kabisa. Asubuhi ile nilikuwa nimetoa baguette mbili, bado zinalia kwenye chano. Nikaiweka moja juu ya gazeti, nikaikunja ncha kidogo ionekane ya kienyeji, pembeni nikaweka kikombe cha chai ya rangi na bakuli la maharage ya nazi. Nikapiga picha. Nikaandika: hili hapa boflo.

Alijibu baada ya dakika mbili. "Nzuri. Lakini ulivyokuwa ukijisifu! Kumbe mmetuiga sisi."

Sijamjibu mpaka leo. Mama ameonja ile ya kwenye picha, kasema kesho nitie sukari kidogo.