Daftari la dizeli ndilo lililotufikisha kwenye bajeti

Kikundi chetu cha mazingira kilijulikana kwa kupanda miti na kuzoa taka. Kazi hizo bado tunazifanya, na nazipenda kwa moyo wote. Ila kila tulipogusia nishati safi mbele ya viongozi, tulisikilizwa kwa heshima, tukapigiwa makofi, kisha kila mtu akaenda zake. Nilipokabidhiwa jukumu la kusukuma ajenda hiyo, niliwaomba wenzangu tuachane kwanza na hotuba kuhusu dunia nzima. Tushike jengo moja. Nikapendekeza zahanati ya umma inayotuhudumia sote, ambayo umeme ukikatika huangukia jenereta ya dizeli, na dizeli ikiisha mkunga hushika tochi.

Tatizo hilo si letu peke yetu. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani na washirika wake ya mwaka 2023 ilieleza kwamba karibu watu bilioni 1 katika nchi za kipato cha chini na cha kati cha chini wanahudumiwa na vituo vya afya visivyo na umeme wa uhakika, au visivyo na umeme kabisa. Niliinukuu mara moja tu katika kazi yote hii. Viongozi wetu walihitaji kuijua zahanati yao, na kuijua kwa hesabu.

Muuguzi mfawidhi alinipokea vizuri, lakini hakunificha kitu. "Kijana wangu," aliniambia, "sola si ngeni hapa. Panda juu ya paa ukaione." Kweli, paneli zilikuwepo, msaada wa miaka ya nyuma, zimejaa vumbi na nyaya zake zinaning'inia. Zilifanya kazi vizuri mpaka betri zilipokufa, na kwa kuwa hakuna aliyekuwa ametenga fedha za betri nyingine, mfumo mzima ukasimama. Paneli zenyewe pengine zilikuwa na uhai wa miaka ishirini mbele yake. Kuanzia siku hiyo nilijua kwamba dai letu halitakuwa la kufungiwa sola. Litakuwa la kuitunza.

Tulianza kwa kuorodhesha kila kifaa kinachotumia umeme: wati zake, na saa kinazowaka mchana na usiku. Kazi hii inachosha, lakini ndiyo msingi wa kila kitu. Chukua taa peke yake. Taa kumi za wati 60 za aina ya zamani zikiwaka kwa muda wa saa 12 zinakula uniti 7.2. Ukiweka taa kumi za LED za wati 9, muda uleule, zinakula uniti 1 na kidogo. Kabla hata hujanunua paneli, umeshapunguza ukubwa wa mfumo utakaouhitaji. Tuliona pia kwamba mlaji mkubwa ni chochote kinachozalisha joto: kifaa cha kuchemshia vyombo vya tiba, birika, hita ya maji. Hivyo tukavitenga kwenye orodha yao, kwa sababu kifaa cha kuchemshia kinaweza kupangiwa kutumika saa sita mchana jua likiwa kali, lakini taa ya chumba cha kujifungulia haisubiri jua.

Baadaye nikaomba daftari la dizeli. Kila zahanati yenye jenereta inalo, maana mafuta ni fedha na lazima yaandikwe. Tulinakili miezi yote iliyoandikwa: lita zilizoingia, saa za kuwasha, siku ambazo mafuta hayakuwepo. Lita moja ya dizeli ikiungua hutoa karibu kilo 2.7 za hewa ukaa, na hesabu hiyo tuliiandika. Kilichowagusa zaidi wasomaji wa ripoti yetu kilikuwa kingine: usiku jenereta ilikuwa inawashwa kwa ajili ya taa chache na friji. Injini kubwa ikibeba mzigo mdogo hunywa mafuta mengi kwa kila uniti inayozalisha, na masizi hujijenga ndani yake, ikachakaa kabla ya wakati. Zahanati ilikuwa inalipa gharama kubwa kuwasha taa ambazo betri ya wastani ingeziwasha mpaka asubuhi.

Fundi umeme mmoja aliye mwanachama wetu alitusaidia kukadiria mfumo. Alituonya tusiamini maandishi ya nyuma ya paneli moja kwa moja. Wati zile zimepimwa maabara, seli zikiwa na nyuzijoto 25, na paneli iliyo juani hupata joto zaidi ya hapo, ikapoteza nguvu kiasi. Ongeza hasara za vumbi, nyaya na inveta, yaani kifaa kinachogeuza umeme wa paneli na betri uwe wa kutumika kwenye vifaa vya kawaida. Mahali penye jua kali kwa muda wa saa tano kila siku, paneli za kilowati 1 tulizihesabia uniti zisizofika 4. Ni afadhali uahidi kidogo na mfumo ukatosha kuliko uahidi makubwa halafu taa zizime wakati mama yuko kwenye uchungu.

Ndani ya kikundi hatukukubaliana kwa kila jambo. Baadhi ya wenzangu, tena wenye uchungu wa kweli na mazingira, walitaka tudai jenereta iondolewe kabisa. Mimi nilipinga. Zahanati si mahali pa kuthibitishia msimamo. Jenereta ibaki kama akiba, na mafanikio yapimwe kwa jinsi daftari la dizeli litakavyozidi kuwa tupu. Tulijadiliana mpaka usiku, tukakubaliana.

Wengine walileta hoja ambayo sikuwa nimeifikiria, na naiona kuwa mchango bora zaidi wa kikundi: betri chakavu zitakwenda wapi? Betri za asidi zina madini ya risasi, ambayo ni sumu, na hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, hasa kwa mtoto. Kundi la mazingira haliwezi kupigania umeme safi kisha betri zikavunjwavunjwa nyuma ya nyumba za watu. Tukaandika sharti kwamba atakayeshinda zabuni azichukue betri zikichakaa na azipeleke kwa mrejelezaji mwenye kibali.

Kuhusu siasa, nitasema kwa ufupi. Tulikwenda kwa afisa mipango na mhasibu kabla ya kwenda kwa wanasiasa, na tulikwenda mapema, wakati makadirio ya mwaka wa fedha yakiwa bado yanaandikwa. Bajeti ikishapita, hata anayekuunga mkono hana pa kukuweka. Tulipeleka ukurasa mmoja: gharama za dizeli kwa mwaka upande huu, gharama za mfumo kwa miaka kumi upande ule, zikiwemo betri, inveta, fundi wa kukagua na mtu wa kufuta paneli. Mhasibu ndiye aliyetusaidia kuipanga upya kwa lugha ya vifungu vya matumizi. Tangu hapo ripoti yetu ilisomeka kama yao.

Kwenye kikao cha wazi cha bajeti diwani mmoja aliuliza swali zuri: "Mawingu yakifunga siku tatu, chanjo zitakuwaje?" Muuguzi mfawidhi alijibu mwenyewe, nasi tukanyamaza. Alieleza kuwa zipo friji za chanjo zinazoendeshwa na jua moja kwa moja, zisizotegemea betri. Mchana hugandisha barafu au kitu kinachotunza baridi, na zile zilizoidhinishwa na Shirika la Afya Duniani huweza kuhifadhi chanjo kati ya nyuzi 2 na 8 kwa siku zisizopungua tatu bila jua. Hakuna mwanaharakati ambaye angeeleweka kama alivyoeleweka yeye, kwa sababu ndiye anayefungua friji ile kila asubuhi.

Fungu lilipitishwa, pamoja na sharti la betri. Paneli za zamani zilipimwa, nyingi zikakutwa bado zinazalisha, zikaunganishwa na mpya. Usiku zahanati inawaka bila kelele wala moshi, na jenereta sasa inaguswa zaidi kwa majaribio kuliko kwa shida.

Kikundi kimebaki na kazi ambayo haina picha nzuri ya kupiga. Kila mwezi wanachama wawili wanasoma mita ya inveta, wanaangalia kiwango cha betri alfajiri kabla jua halijatoka, wanalinganisha na mwezi uliopita, na nakala inapelekwa kwa mhasibu. Betri zikianza kuamka na chaji ndogo kuliko kawaida, tunataka ijulikane mapema, mwaka mmoja au miwili kabla ya kufa. Fedha za matunzo zimo kwenye makadirio ya mwaka huu. Za mwaka ujao tumeshaandikia barua, na safari hii daftari tunaloliambatisha ni letu wenyewe.