Barafu ya Mwaloni

Barafu tuliinunua soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, na ilikuja na harufu yake ya sangara. Mtu akiniuliza niliingiaje kwenye utafiti wa maumivu, harufu hiyo ndiyo inayotangulia kunijia.

Ilikuwa 2018. Nilikuwa nimetoka kumaliza mwaka wa udaktari tarajali, nikachaguliwa kwenye mafunzo ya wiki mbili hapa Mwanza. Tulikuwa 12. Nusu tulitoka wodini: madaktari vijana, muuguzi wa chumba cha upasuaji, mtaalamu wa fiziotherapia kutoka Sengerema. Nusu walikuwa watu wa maabara. Tuliitwa ili tujifunze kufanya kazi pamoja, kinachoonekana kwa panya kimfikie mgonjwa, na kinachomsumbua mgonjwa kirudi maabara kikiwa swali. Siku tatu za mwanzo hata chai tulikunywa mbalimbali.

Siku ya tatu kijana mmoja wa famakolojia, elimu ya dawa, alitueleza habari za dutu P, kemikali ya mwilini. Iligunduliwa 1931, na baadaye ikaonekana kuwa ni mmoja wa wajumbe wanaopeleka taarifa za maumivu kwenye uti wa mgongo. Zikatengenezwa dawa za kuizuia. Kwa wanyama zilileta matumaini makubwa; kwa watu, maumivu yakabaki palepale. Mojawapo, aprepitanti, leo inatumika kuzuia kutapika kwa wagonjwa wa saratani wanaopewa dawa kali.

Mimi, mjuaji, nikadakia: "Kwa sababu panya wako hawajazi dodoso la maumivu."

Watu wa wodini tukacheka. Yeye hakucheka. "Na wagonjwa wako wanalijaza vizuri?"

Kesho yake ikaja zamu ya beseni. Kipimo chenyewe ni chepesi: unatumbukiza mkono kwenye maji ya barafu, unasema pale unapoanza kuuma, kisha unauacha humo mpaka ushindwe. Muda wa kwanza ni kizingiti cha maumivu, wa pili ni uvumilivu. Kilianza miaka ya 1930 kwa ajili ya shinikizo la damu, watafiti wa maumivu wakakichukua baadaye. Mwalimu wetu, daktari bingwa wa ganzi na usingizi, alitaka kila mmoja aonje kabla hajamwekea mgonjwa yeyote. Ukomo ulikuwa dakika tano, uwe shujaa usiwe shujaa.

Wengi walitoa mkono kabla ya dakika mbili. Mimi nilifika nne na ushee. Saa ilishikwa na yule muuguzi, na sitadanganya: angeishika mwanamume mwenzangu ningetoka mapema. Mwalimu alitwambia baadaye kwamba jambo hilo limeshapimwa, kuna utafiti wa 1991 ulioonyesha wanaume wakitaja maumivu madogo zaidi mbele ya mpimaji wa kike. Darasa zima likanigeukia.

Lakini aibu yenyewe haikuwa hiyo. Mwalimu alipitisha kidole kwenye karatasi ya matokeo, akasimama kwenye namba yangu. "Nani alikuwa anakoroga?"

Maji hayo yanatakiwa yazunguke muda wote. Sisi hatukuwa na pampu, tulikuwa na mwiko tulioazima kwa mama ntilie wa getini. Wenzangu walikorogewa, wengine sana, wengine kidogo. Zamu yangu ilipofika, mkorogaji alikuwa ameketi anaandika.

"Basi wewe hukuvumilia baridi, dokta," mwalimu akasema. "Maji yakitulia, mkono unapasha yaliyo karibu yake. Ulijishonea glavu ya uvuguvugu." Akakunja karatasi ya asubuhi nzima, akaagiza barafu nyingine.

Mchana gunia likaletwa na kijana mbebaji wa kule Mwaloni, begani, maji yakimchuruzika mgongoni. Alilitua, akatutazama tulivyokuwa tunapuliza vidole. "Madokta, mnalilia maji?" Kabla hatujamjibu, mkono wake ulikuwa ndani ya beseni.

Muuguzi akanyanyua simu aanze kuhesabu. Mwalimu akamtikisia kichwa: hajasaini ridhaa, muda wake hauandikwi. Mkorogaji, ambaye safari hii hakuthubutu kuketi, alizungusha mwiko kama anasonga ugali wa msiba. Kijana akaanza kutusimulia bei ya dagaa, na foleni ya kivuko cha Kamanga. Mkono hautoki. Mtu nyuma yangu akanong'ona kwamba huyu mishipa ya fahamu imekufa.

Nikamuuliza, "Hauumi?"

"Unauma, dokta. Tangu nimeuingiza."

"Sasa mbona huutoi?"

"Nikiwa nautoa kila ukiuma, magunia atabeba nani?"

Kijana wa famakolojia alinitazama. Hakusema neno, na mimi sikuwa nalo. Kwake panya anahesabiwa kwa sekunde anazochukua kuondoa mguu au mkia. Mbebaji huyu angekuwa panya, tungeandika kwamba dawa imefanya kazi.

Mimi nilikuwa nimeshaandika hivyo, tena si kwa panya. Miezi michache nyuma, katika wodi ambayo sitaitaja, nilimpita mvulana mwenye selimundu, ugonjwa wa damu unaoleta maumivu makali. Kanda ya Ziwa tunao wengi, jicho linazoea. Alikuwa amelala kimya anatazama simu. Sikumuuliza. Niliandika kwenye faili kwamba maumivu yamepungua, nikapunguza na dozi. Usiku mama yake alikuja dirishani kwa wauguzi mara tatu, na mara ya tatu ndipo nilipoamshwa. Nilimkuta bado ameshika simu, kioo kimezimika, na meno ameyauma.

Sikumsimulia mtu hayo siku ile. Nilichukua mwiko kwa mkorogaji, nikasema nitakoroga mimi.

Mbebaji alitoa mkono pale alipotaka mwenyewe, umeiva wekundu mpaka juu ya kifundo. Akaufutia kwenye suruali, akakunja gunia lake, kisha akauliza hela ya barafu nani analipa, kwa sababu hata ile ya asubuhi bado.